Ripoti imeandika "ardhi tupu" nyuma ya Shela. Niwajibu vipi?

MjukuuWaShela:
Salam aleikum jamaa. Kuna watu wanataka kujenga nyumba za kitalii kwenye vilima vya mtanga nyuma ya kijiji chetu cha Shela, kisiwani Lamu. Nimepata nakala ya ripoti ya athari kwa mazingira, kurasa nyingi kuliko subira yangu. Neno moja limenikwama kooni: wameandika "ardhi tupu isiyotumika".

Tupu? Bibi yangu kanilea pale. Kila kusi ikivuma sana mtanga ulikuwa ukihama, na mifupa ikachomoza. Ni ya waliouawa kwenye vita vya Shela, watu wa Lamu walipowashinda watu wa Pate na Mazrui, watawala wa Mombasa, zaidi ya miaka 200 iliyopita. Bibi hakutaka tuichezee. Ukiuona mfupa unaufukia kwa mkono wa kulia, unasoma Fatiha, unakwenda zako. (Aliyeandika ripoti alikuja mchana mmoja kwa boti, na kofia kubwa. Kofia simlaumu.)

Kwenye baraza la mradi huo niliinuka nikayasema haya, wazee wakaitikia. Nikatia sahihi ya mahudhurio, tukanywa soda. Sasa naisoma ripoti, jina langu limo kwenye orodha ya "waliounga mkono". Maneno yangu hayamo. Nifanyeje? Na haya ya mifupa niyaandike vipi yasionekane ngano za ajuza?

Nahodha Mstaafu:
Mwanangu, anza na maji. Mvua ikinyesha pale mtanga unainywa, na yale maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Ndiyo tunayoyateka sisi wa mjini. Ukivuta kwa pampu kushinda mvua inavyorudisha, chumvi inapanda kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi utangoja sana. Ripoti imetaja lita ngapi kwa siku?

MjukuuWaShela:
"Maji yatatoka katika vyanzo vilivyopo." Basi, ndiyo hayo tu.

Nahodha Mstaafu:
Vilivyopo ndivyo vyetu hivyo.

Bi Karatasi:
Kaka, nimewahi kufanya kazi ya hizi tathmini. Baraza limekwisha, sasa andika. Tangazo la ripoti likishatoka, kuna siku 30 za maoni. Peleka barua NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, nakala yako wakupigie muhuri wa kupokelewa. Sema wazi: nilihudhuria, sikuunga mkono, jina langu liondolewe. Usidhani ni jambo dogo. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hukuhuku Lamu, ilifutwa tarehe 26 Juni 2019, na hoja kubwa ilikuwa kwamba mikutano ilifanywa mapema, wananchi hawakupata kuijadili ripoti yenyewe.

Mifupa nayo isiwe "bibi alisema" peke yake. Chora ramani kwa majina mnayopaita wenyewe, nani aliona, kusi ya mwaka gani. Wazee wawili watatu waape mbele ya wakili. Nakala nyingine ipeleke Makumbusho ya Taifa, uombe eneo likaguliwe kabla ya jembe la kwanza. Na ongeza kwamba mji wa Lamu, Urithi wa Dunia tangu 2001, unakunywa maji ya vilima hivyohivyo. Wakija kuujadili mji, wajadili na kisima chake.

MjukuuWaShela:
Nashukuru dada. Jana alasiri nilipanda na ami yangu, ana miaka 81. Pahali pa kwanza nilitoa simu nipige picha, akaniambia zima, tusome kwanza. Tumetia alama sehemu saba. Ya nane kakataa kunionyesha, asema hiyo haiingii kwenye ramani ya mtu. Nahodha, niiache?

Nahodha Mstaafu:
Andika kuwa ipo. Ilipo, muachie ami yako.