Kantangaze: kwa nini hurudi baada ya kupulizia dawa?

Mkulima wa Ilula:
Wakulima wenzangu, habari za kazi. Majani ya nyanya zangu yana mabaka meupe yanayopenyeza mwanga, na ndani yake naona viwavi wadogo wa kijani. Nikipulizia dawa hupungua, kisha baada ya muda mfupi shamba hujaa upya. Naomba anayeyafahamu maisha ya mdudu huyu anieleze wanatoka wapi, maana nyanya ndizo zinazosomesha wanangu.

Afisa Ugani:
Pole sana, ndugu yangu. Huyo ni kantangaze, nondo aitwaye kitaalamu Tuta absoluta, mwenye asili ya Amerika Kusini, ambaye aliingia Hispania mwaka 2006 na kuonekana Tanzania mwaka 2014. Jike mmoja huweza kutaga hadi mayai 260, mengi yakiwa upande wa chini wa majani machanga. Kiwavi akishaanguliwa hutoboa jani na kuishi katikati ya ngozi zake mbili, akila nyama ya ndani, ndiyo maana dawa inayoua kwa kugusa haimfikii. Akikomaa hushuka kwa uzi na mara nyingi huingia udongoni kuwa pupa (hatua ya kutulia kabla ya kugeuka nondo), ingawa wengine hubaki kwenye majani. Penye joto, safari yote kutoka yai hadi nondo huchukua chini ya mwezi. Wanaolijaza shamba lako upya ni wale waliokuwa mayai au pupa siku uliyopulizia, pamoja na nondo wanaoruka usiku kutoka mashamba ya jirani.

Mama Bustani:
Hakikisha kwanza kwamba si yule nzi mdogo ambaye funza wake pia huishi ndani ya majani, kwa sababu funza wake huchora mistari myembamba iliyopindapinda, ilhali kantangaze huacha mabaka mapana yenye kinyesi cheusi ndani.

Mkulima wa Ilula:
Ni mabaka mapana, mama. Je, mitego ya harufu, ile inayovuta nondo kwa harufu ya jike, itatosha?

Afisa Ugani:
Haitoshi peke yake, kwa kuwa hunasa madume tu. Faida yake kubwa ni kukujulisha mapema kwamba nondo wamefika. Chuma majani na matunda yaliyoshambuliwa, uyafunge kwenye mfuko wa plastiki juani, na ung'oe mnavu pembezoni, kwani huzaliana humo pia. Ukilazimika kupulizia, badilisha kundi la dawa, yaani namna inavyomuua mdudu, na si jina la chupa pekee, kwa sababu mdudu huyu amekwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi. Msimu ujao panda mahindi au maharage hapo, wala usirudishe nyanya, viazi mviringo au bilinganya.