Simu 46 kwenye katoni ya biskuti: ikiharibika moja, nani alipe?

Mwalimu wa Zamu, Kisumu:

Hamjambo wenzangu. Nafundisha Hisabati na Fizikia katika shule ya kutwa upande wa Mamboleo. Muhula huu wazazi walikubaliana mkutanoni kwamba mwanafunzi akija na simu, aikabidhi asubuhi na kuichukua jioni. Makofi yakapigwa. Hakuna aliyeuliza zitakaa wapi. Zinakaa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa darasa la Kidato cha Tatu.

Kila asubuhi nasimama mlangoni na katoni ya biskuti. Kila simu inatiwa kwenye bahasha ya kaki yenye jina la mwenyewe, kisha katoni inafungiwa ndani ya kabati la maabara. Kufuli nililinunua soko la Kibuye kwa pesa zangu. Darasa lina wanafunzi 52, simu 46. Jioni ni vurugu tupu, maana wa Kondele wanakimbilia matatu na kila mmoja anataka yake kwanza.

Jumanne iliyopita bahasha moja imefunguliwa, kioo kimepasuka. Kijana anaapa aliileta nzima. Mama yake amekuja na risiti ya shilingi 14,500. Naibu wa mwalimu mkuu akaniambia, "Mwalimu, hilo mmalizane na mzazi." Tumalizane kwa mshahara gani?

Nisieleweke vibaya, sitaki turudi kule. Mwaka jana nilikuwa nikigeukia ubao tu, vicheko vinaanza nyuma. Baadaye nikagundua nimepigwa picha suruali ikiwa na chaki nyuma, nikafanywa stika ya WhatsApp. Shemeji yangu aliye Busia ndiye aliyenitumia, hata hakujua ni mimi.

Swali langu: huko kwenu simu huwekwa wapi, na nani hutia sahihi?

Matroni wa Bweni, Kakamega:

Pole, mwalimu. Sisi wa bweni simu haziruhusiwi kabisa, lakini usidhani tumepumzika. Nimetoa mulika mwizi, vile visimu vidogo vya tochi, ndani ya mkate uliokatwa katikati ukafungwa tena vizuri, na nyingine ndani ya sabuni ya unga. Kuhusu sahihi: mwanafunzi atie mwenyewe, akileta na akichukua. Usimwandikie wewe hata siku moja.

Mama Wawili, Nyalenda:

Mimi ni mzazi na nilipiga makofi katika mkutano kama huo. Binti yangu nampa simu kwa sababu moja: akichelewa kwa mvua nimtumie nauli ya bodaboda kwa M-Pesa na nijue amepanda na nani. Hiyo kazi simu ya vibonye inaifanya. Kwa nini shule isiseme wazi kwamba simu ya kupangusa ibaki nyumbani? Na ile 14,500 usiilipe, mwalimu. Ukilipa moja, wiki ijayo zitapasuka tatu.

Fundi wa Kondele:

Mwalimu, mimi natengeneza simu, nisikilize. Kwanza, simu 46 zikirundikwa kwenye katoni, za chini zinabeba uzito wa zote, na bahasha haizuii kitu. Zisimamishe wima kama vitabu, utie kadibodi katikati.

Pili, wakati wa kupokea mwambie mtoto abonyeze *#06#. Itatokea nambari ya IMEI yenye tarakimu 15, kila simu ina yake. Andika nne za mwisho kwenye daftari, halafu geuza simu uangalie kioo na uandike: "ufa pembe ya kulia", "mzima", hivyo hivyo. Simu ikiwa na nafasi ya laini mbili zitatokea nambari mbili, chukua ya kwanza. Kazi ya nusu dakika.

Tatu, na hapa mtanisamehe. Tangu muhula uanze watoto wenye sare wananunua kwangu simu zilizokufa, shilingi 300, 250. Nikadhani wanataka vipuri vya mradi wa sayansi. Leo nikisoma hapa ndipo nimeelewa. Mwalimu, hizo 46 zako umewahi kuziwasha?

Mstaafu wa Njoro:

Fundi amenichekesha mpaka chai imemwagika.

Ndugu mwalimu, hata wenye sheria wamekwama hapo hapo pako. Ufaransa ilipiga marufuku matumizi ya simu mwaka 2018 kwa shule za watoto hadi miaka kama 15, lakini simu iliyozimwa iliweza kubaki mkobani. Mwaka 2024 wakaanza kujaribu, katika shule kama 200, kuwatenganisha watoto na simu kutwa nzima. Kusema "usitumie" hakukutosha. Ilibidi simu iondoke mkononi, na ikiondoka lazima iwe na pa kulala.

Ukienda kwa mwalimu mkuu kudai kabati, mpelekee hili: ripoti ya UNESCO ya 2023 ilisema mwanafunzi akivurugwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha akili kwenye somo. Kipindi chetu cha sekondari ni dakika 40. Mlio mmoja, nusu ya kipindi imekwenda. Kabati la chuma ni rahisi kuliko hapo. Na lihesabiwe mali ya shule, siyo yako, ili hasara nayo iwe ya shule.

Mwalimu wa Zamu, Kisumu:

Asanteni sana. Leo asubuhi nimefuata ya fundi: kila mmoja awashe mbele yangu, abonyeze ile nambari. Simu tisa hazikuwaka. Mmoja alileta kasha tupu, ndani ametia kipande cha mbao, uzito sawasawa kabisa. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, huyo ndiye anayenipatia alama mbaya kuliko wote katika Fizikia.

Mwalimu mkuu amekubali kabati, tatizo ni lini. Mama wa kile kioo anarudi Ijumaa. Naibu naye ameomba ruhusa, Ijumaa hiyo hiyo.