Tupeane uzoefu: raba za kukimbilia umenunua wapi, duka la wataalamu, duka kubwa la bei poa au mtumba?

Mleta mada (Arusha)

Wakuu habari za Jumapili. Kili Marathon ya Moshi ndo hiyo inakuja, na kwenye magrupu ya tizi hapa Arusha kila wiki swali ni lile lile, raba ninunue wapi. Nimeona tufungue uzi tupeane uzoefu, sio wa kusikia, wa miguu yako mwenyewe. Umenunua wapi, umelipa shingapi, na goti linasemaje sa hivi.

Naanza na msimamo wangu. Hapa kwetu hatuna lile duka la vifaa vya wakimbiaji tu kama walilonalo wenzetu wa Ulaya. Tuna maduka ya michezo ambayo ukutani ni jezi za Simba na Yanga na mipira afu kuna rafu moja ya raba, kuna maduka ya vifaa vya mlima kule Moshi, na kuna mtumba. Nimenunua kote huko na ninachokiamini ni kwamba jozi nzuri ni ile uliyoruhusiwa kukimbia nayo kabla hujatoa hela. Kuna duka moja la michezo lenye vioo mjini niliingia nikavaa raba ya laki tatu na nusu, nikaomba nitoke nayo hapo kibarazani nipige hatua chache, kijana akanambia haiwezekani soli itachafuka, nitembee hapo hapo kwenye kapeti. Sasa kwenye kapeti raba gani mbaya? Nikamrudishia. Nikashuka soko la Kilombero hapa Arusha, muuza mtumba akanambia vaa zote mbili, funga kamba vizuri, kimbia mpaka pale kwa muuza maharage urudi. Nikawa navaa, nakimbia, narudi, nabadilisha, watu wananipisha, na ile jozi iliyokuwa yangu niliijua kabla sijafika kwenye maharage. Asics, elfu hamsini na tano, ndo ninazokimbia nazo mpaka leo Njiro kwenda na kurudi.

Karibuni.

Mama Pacha wa Pasua

Asante kwa uzi kaka. Mi ni wa Moshi na soko la mtumba la Memorial pale ndo dukani kwangu, sijawahi kununua raba mpya ya mbio na sijutii hata kidogo. Ila ngoja niwaambie ninavyokagua, maana naona watu wanaangalia rangi na jina la kampuni tu afu wanakuja kulia.

Kwanza naigeuza. Kisigino upande wa nje kikiwa kimelika mpaka sponji inachungulia, naacha, hata kama juu inang'aa. Afu nabonyeza kwa kidole gumba ile sponji ya kati pembeni, chini ya kisigino. Iliyo hai inabonyea na kurudi. Iliyokufa ina vimikunjo vidogo vidogo vimelala kwa mstari na ukibonyeza ni ngumu kama ubao, hiyo hata upewe bure usikimbie nayo, vaa sokoni. Baada ya hapo natoa soli ya ndani naangalia alama za vidole, kama vimechimba sana ujue imetembea mno. Mwisho naziweka zote mbili juu ya meza nachuchumaa naziangalia kwa nyuma. Zikiwa zimeegemea ndani au nje, aliyezivaa mwanzo alishazipinda kwa mguu wake, ukinunua umenunua na maumivu yake.

Na mnuse! Harufu kali ya gundi maana yake soli ilishabanduka ikarudishwa jana usiku. Pembeni pakiwa peupe mno kwangua kidogo kwa kucha, wengine wanapaka rangi. Siwasemi vibaya wauzaji, wanatafuta riziki na wa kwangu ni muaminifu, ananipigia simu belo la raba likifunguliwa. Ila macho ni yako.

Chalii wa Sakina

Oya mi nilipigwa na duka kabisa, sio mtumba. Mjini hapa, jina silitaji. Raba mpya kwenye boksi, karatasi ndani, risiti juu, laki na themanini. Hata wiki haijaisha mbele imefungua mdomo, na sijaenda nayo mlimani wala nini, ni Sakina kwenda Ngaramtoni kwenye lami. Nimerudi nayo wananiambia nimeilowesha. Sijailowesha. Iliniuma sana kwa sababu ile hela niliikusanya, na pale mtumba ningepata jozi tatu na chenji ya supu.

Mleta mada

Pole sana chalii angu. Ilikuwa feki au orijino iliyokaa sana? Maana hata orijino ikikaa miaka kwenye boksi gundi inachoka. Raba nyingi kwenye lebo ya ndani ya ulimi zina tarehe ya kutengenezwa kwa maandishi madogo sana, piga picha kwa simu uivute. Ukiona ni ya miaka mingi nyuma na bei bado ni ya mpya, shukuru uondoke.

Nilikuwa Leeds (Arusha)

Nichangie upande wa Ulaya maana nimeishi Leeds, Uingereza, kwa masomo na nimenunua sehemu zote mbili.

Duka la wakimbiaji ni hivi. Unaingia unaulizwa unakimbia wapi, mara ngapi, uliumia wapi. Unavuliwa viatu, mguu unapimwa urefu na upana ukiwa umesimama, unapandishwa kwenye mashine ya kukimbilia na kamera iko nyuma yako usawa wa vifundo. Unakimbia kidogo afu wanakuonyesha video pole pole, unaona kabisa kifundo kinavyolalia ndani kila mguu ukigusa chini. Mimi niliambiwa nalalia ndani mno nikaletewa raba za kuzuia, zile zenye sponji ngumu upande wa ndani, pauni 130. Goti likaanza kulalamika upande wa nje. Nikarudi nazo zimeshachafuka, wakazichukua bila ugomvi wakanipa aina nyingine ya kawaida na goti likatulia. Hicho ndo nilichokilipia kwa maoni yangu, kile kibali cha kurudi, kuliko hata kamera.

Duka kubwa la bei poa mfano ni Decathlon, Wafaransa wale, wapo tangu 1976. Pale hakuna wa kukuuliza mguu wako. Unatembea mwenyewe kwenye rafu, unavaa, unakimbia kwenye korido ukitaka, unalipa. Ila wana raba za chapa yao wenyewe, zamani ziliitwa Kalenji sa hivi Kiprun, na bei iko chini kwa sababu wanabuni wenyewe na kuuza kwenye maduka yao wenyewe. Nilichukua kwa kama theluthi ya bei ya zile za kwanza, nikakimbia nazo kando ya ule mfereji wa Leeds kwenda Liverpool mpaka narudi nyumbani, na hapa Ilboru nimezimalizia. Kwaiyo kwangu mimi, kama bado huujui mguu wako na duka la wataalamu lipo karibu, lipia ule muda wao mara moja. Ukishajua unachotaka, nenda kwenye bei poa bila aibu.

Dada wa Njiro

Samahani hiyo "kulalia ndani" ni ugonjwa au? Maana hata mimi niliambiwa na kijana wa duka kwa kunitazama tu nikitembea, akataka kuniuzia raba za laki nne.

Fizio wa Moshi

Dada sio ugonjwa. Mguu unalalia ndani kidogo kwa kila mtu, ndo unavyopunguza kishindo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na kila baada ya Kili Marathon nakuwa na foleni, kwaiyo hili naliongea kwa uchungu.

Jeshi la Marekani walilifanyia utafiti, matokeo yakatoka 2009 na 2010. Wakachukua kuruta wa nchi kavu, wa anga na marine, kundi moja wakapewa raba kulingana na umbo la wayo, wayo bapa raba hii, wayo wa tao raba ile, na kundi la pili wakapewa wote aina moja tu. Walioumia hawakupungua kwa sababu ya kuchaguliwa raba. Denmark nao waliwafuatilia wakimbiaji wapya 927 kwa mwaka mzima, wote raba za kawaida za aina moja, na wenye miguu inayolalia ndani hawakuumia kuliko wengine. Kwaiyo mtu akikutazama ukitembea akakuambia lazima laki nne, mshukuru kwa heshima ondoka. Raha ya mguu wakati unakimbia ndo kipimo cha kwanza, na hapo nakubaliana na mleta mada asilimia zote.

Ninaowapokea wengi wameumizwa na mambo mawili. Moja ni kubadilisha ghafla, mtu alizoea kisigino kilichoinuka milimita 10 kuliko mbele, akaona zile bapa kabisa mtandaoni, akaenda nazo umbali ule ule siku ile ile. Kano ya kisigino inawaka. La pili ni kung'ang'ania raba iliyokwisha. Kwa kawaida sponji inakwenda kilometa 500 mpaka 800 hivi, inategemea uzito wako na njia, na kwa mtumba huwezi kujua wa kwanza alizila ngapi, ndo maana kidole gumba cha Mama Pacha ni muhimu. Na msizianike juani baada ya kufua jamani! Jua kali linaharibu gundi na sponji. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, weka kivulini.

Mkimbiaji Mstaafu

Hamjambo vijana. Mimi ni wa kule Mbulu, nipo Arusha siku nyingi. Tulianza peku wengi wetu, raba ilikuwa ya mashindano na ukimaliza unamwachia mwenzio. Filbert Bayi mwaka 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1500 tangu mwanzo mpaka mwisho akaweka rekodi ya dunia 3:32.2, na viatu vya enzi zile havikuwa na sponji hizi mnazobishania. Nasema hivyo ili kijana asiye na hela asijione hawezi kuanza.

Lakini sitawadanganya kwamba raba hazijabadilika. Zile nene zenye bamba la kaboni ndani zimebadili mbio kweli, mpaka World Athletics, wale wasimamizi wa riadha duniani, wakaweka kikomo, soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40. Mwaka 2025 kule Tokyo Alphonce Simbu wetu alichukua ubingwa wa dunia wa marathon kwa 2:09:48, yeye na Mjerumani Amanal Petros muda ule ule, picha ndo ikaamua. Nililia. Sasa baada ya hapo kila kijana anataka kaboni. Na zinapatikana, wanariadha wakirudi na jozi za ziada wanauza, nimeona za laki mbili ambazo Ulaya ni zaidi ya mara mbili yake. Ushauri wangu, kama unakwenda kilometa moja kwa dakika sita au saba na nusu ya njia yako ni vumbi na mawe, ziache. Ziko juu, zinayumba, kifundo kitageuka kwenye kokoto. Masika udongo wetu ukilowa ndo kabisa, chini ni laini hazina meno. Tafuta yenye meno kidogo na kisigino kipana, hata kama ni mtumba wa elfu arobaini.

Dada wa Njiro

Shikamoo mzee, na asante. Asante na wewe Fizio, umeniokoa laki nne.

Mi niongezee la kucha. Wanaokimbia nusu marathon ya Kili wanajua, unapanda na kupanda mpaka Mweka, watu wanaiogopa hiyo mipando, ila kucha zinakufa wakati wa kushuka kurudi stadium. Mguu unateleza mbele kila hatua. Mwaka ule nilitoka na vidole gumba vyote vyeusi na raba ilikuwa orijino kabisa ya dukani, nilichagua mwenyewe asubuhi mguu ukiwa mdogo. Sa hivi naacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na natumia lile tundu la mwisho la juu ambalo watu hawalitumii. Unapitisha kamba upande ule ule kutoka tundu la pili toka juu kwenda la mwisho inabaki kitanzi, afu kila kamba unaivusha kwenye kitanzi cha upande wa pili, unavuta kuelekea chini ndo unafunga. Kisigino kinakamatwa hakitoki. Nimeshuka Mweka tena, kucha zote zipo.

Na namba msiziamini, angalieni sentimita kwenye lebo. Namba moja kwenye kampuni mbili inaweza isiwe urefu ule ule. Sentimita ndo ya kulinganisha na raba yako ya zamani.

Chalii wa Sakina

Sasa mi navaa 46, Kilombero na Tengeru nimezunguka yani nachoka, wanacheka tu. Moshi zipo?

Mama Pacha wa Pasua

Zipo mwanangu. Wageni wakishuka mlimani wengi huwaachia wapagazi viatu na nguo, na wapagazi wanaviuza, namba kubwa kubwa hizo ndo zinapatikana, Kiboriloni na Memorial. Nyingi ni buti ila raba nazo zimo na unakuta zimetembea kidogo tu. Njoo siku ya katikati ya wiki, Jumamosi watu wanakanyagana huwezi hata kukimbia hatua mbili. Njoo jioni mguu ukiwa umejaa, vaa soksi zile zile unazokimbilia, na ile iliyofungua mdomo ije nayo, kuna fundi viatu hapa Mbuyuni anashona soli kuzunguka kote kwa uzi, elfu tano.