Frankel: mcheza kwao hutunzwa, lakini ni farasi bora kuliko wote?

MLETA MADA
Wakuu, leo tubishane kistaarabu. Frankel, farasi wa mbio wa Uingereza, alikimbia mara 14 kuanzia Agosti 2010 hadi Oktoba 2012, akashinda zote. Hapo sina neno. Ugomvi wangu ni kwamba mbio zote 14 zilikuwa Uingereza. Hakwenda Longchamp, Paris, kwenye mbio kubwa ya Prix de l'Arc de Triomphe (Arc), hakwenda Marekani kwenye mashindano ya Breeders' Cup, Dubai hakukanyaga. Umbali mrefu kabisa aliokimbia ni maili moja na robo na kidogo. Alipofika miaka minne akastaafishwa ili azalishe, ada ya kuanzia pauni 125,000 kwa jike mmoja! Mcheza kwao hutunzwa, sawa, ila taji la dunia nzima, tena la nyakati zote?

Linaloniudhi zaidi ni hili. Dancing Brave, aliyeshinda Arc mwaka 1986, alikuwa na alama 141 kwenye viwango vya dunia. Januari 2013 wakubwa wanaopanga viwango hivyo wakafukua madaftari ya zamani, wakamshusha hadi 138. Frankel na 140 zake akajikuta kileleni. Klabu gani ya mpira ingekubali kukatwa pointi za msimu wa 1986?

MCHANGIAJI WA 1
Mkuu, umekagua pasipoti, hukukagua aliowapiga. Goldikova, jike wa Ufaransa, alishachukua Breeders' Cup Mile mara tatu mfululizo alipokuja Ascot Juni 2011 na kufungwa na Canford Cliffs. Mwezi uliofuata, pale Goodwood, Frankel akamwacha huyo Canford Cliffs kwa urefu wa farasi 5. St Nicholas Abbey, bingwa wa Breeders' Cup Turf 2011, alikutana naye York Agosti 2012, akaambulia nafasi ya tatu. Na Excelebration, maskini! Alipambana na Frankel mara 5, kala kichapo mara 5. Alipovuka kwenda Ufaransa bila Frankel, akashinda Prix Jacques le Marois.

MCHANGIAJI WA 2
Mnamsahau mzee Henry Cecil, mkufunzi wake. Alikuwa na saratani, siku ile ya York amekonda na sauti imekauka. Juni 2013 akafariki. Halafu mwenye farasi, Khalid Abdullah wa Saudia, ndiye aliyekuwa na Dancing Brave pia. Baada ya ile Arc alimpeleka California kwenye Breeders' Cup, akamaliza wa nne. Ukishaumwa na nyoka, ukiona ung'ongo unashtuka.

MLETA MADA
Cecil nampa heshima zake zote. Lakini Longchamp si California. Farasi wa Newmarket, mji alikofunzwa Frankel, huenda huko kila mwaka. Mbona Black Caviar, jike ambaye hakuwahi kushindwa, alitolewa Australia hadi Ascot, Juni 2012? Alishinda kwa kichwa tu, baadaye ikaonekana msuli umechanika. Wiki hiyohiyo, kwenye uwanja huohuo, Frankel alikuwa ameshinda mbio ya Queen Anne kwa urefu wa farasi 11, wenzake wako mtaa wa pili. Mmoja aliweka rekodi yake rehani, mwenzake hapana.

MCHANGIAJI WA 3
Nyote mnaruka mbio ya St James's Palace ya 2011. Mpanda farasi wake, Tom Queally, alimfyatua Frankel mapema mno, Zoffany akamsogelea hadi tofauti ikabaki robo tatu ya urefu wa farasi. Kwa maili moja! Sasa huyo mngempeleka Arc, maili moja na nusu, akamalizie na nini?

MCHANGIAJI WA 1
Huyo wa 2011 alikuwa bado ana papara. Tazameni mbio yake ya mwisho, Champion Stakes, Ascot, 20 Oktoba 2012. Uwanja umelowa, alichelewa kutoka, na mpinzani ni Cirrus des Aigles wa Ufaransa, farasi anayependa tope, ambaye Machi mwaka huo alishinda Dubai Sheema Classic. Frankel akampita, akamzidi kwa urefu wa farasi moja na robo tatu. Mleta mada, huyo alitoka Dubai na taji mkononi. Mjibu huyo kwanza, ndipo turudi kwenye pasipoti.