Safu za vimiminika: mawese na mafuta ya taa yanaungana, nifanyeje?

MwalimuUrambo
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kemia kidato cha pili huku Urambo. Nataka kuonyesha densiti kwa kupanga vimiminika ndani ya silinda ya kupimia ya ml 250: chini asali, juu yake maji yenye rangi, halafu mawese ya Kigoma, mwisho mafuta ya taa. Safu tatu za chini zinakaa vizuri. Mafuta ya taa hayakai. Hata nikimimina taratibu yanaingia kwenye mawese na kubaki safu moja nyekundu iliyopauka. Mawese yamechakachuliwa au?
Na jambo jingine, maji yakichemka kipimajoto kinagoma kwenye 96. Wanafunzi wanadai ni kibovu kwa sababu daftari linasema 100.

FundiSanifu_Maabara
Mawese hayana kosa, mwalimu. Densiti inapanga nani akae chini na nani juu, lakini haiwezi kutenganisha vimiminika vinavyoyeyukana. Mafuta ya taa na mawese yote hayana ncha za chaji kama maji, kwa hiyo yanachanganyika kwa uwiano wowote. Ungeyaacha hata wiki nzima yasingeachana.

Juu ya mawese weka spiriti ya asilimia 95. Densiti yake ni kama 0.81, mawese kama 0.91, maji 1.00, asali kama 1.4. Kwa silinda yako tumia ml 40 za kila kimoja. Asali ishushe katikati kwa bomba la sindano lenye mpira mrefu, isiguse kuta, maana ikipaka kioo huoni kitu. Maji yapitishe juu ya mgongo wa kijiko kilichoegemea ukuta. Yakidondoka kwa nguvu yanachimba asali na mpaka unakuwa ukungu. Spiriti ndiyo ya kuingiza polepole kuliko zote. Ikitoboa safu ya mafuta na kufika kwenye maji imekwisha, inayeyuka humo na hairudi juu.

Kabla ya kumimina, wape wanafunzi wapime ml 20 za kila kimiminika kwenye mizani: asali inakaribia g 28, maji 20, mawese 18, spiriti 16. Watabiri mpangilio wenyewe. Bila hatua hiyo wanaona rangi nzuri tu, hawaoni kemia.

Mtu_wa_Ujiji
Kuhusu mawese: asubuhi za baridi huganda nusu na safu inakuwa na mabonge. Weka chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto hadi yafike kama nyuzi 50, chota yale mekundu yaliyo angavu juu, uyatumie yakiwa vuguvugu. Yakikaa chini ya spiriti kwa muda, spiriti nayo huanza kuwa ya manjano. Ukitaka mpaka safi tumia alizeti, ingawa kwa macho mawese yanapendeza zaidi.
Moto wowote uzimwe kabla ya kufungua spiriti. Ile ya rangi ya zambarau ina methanoli, ni sumu, kwa hiyo asali na mafuta yakishatumika yasirudi jikoni hata kama yanaonekana safi.

FundiSanifu_Maabara
Kipimajoto nacho kizima. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, maji yanachemka karibu nyuzi 96. Pale Kigoma mjini, kando ya ziwa, ni kama 97. Ile 100 ni ya usawa wa bahari. Wakibisha, kitumbukize kwenye barafu inayoyeyuka. Kikisoma 0 ubishi umekwisha.

MwalimuUrambo
Asante sana mkuu. Spiriti niliyopata dukani inazama chini ya alizeti badala ya kuelea. Hiyo nayo ni kawaida?

FundiSanifu_Maabara
Hapana, hiyo imeongezwa maji. Pombe ya asilimia 50 ina densiti ya kama 0.93, inazidi alizeti yenye 0.92. Usiimwage, ina kazi nzuri kuliko safu zote hizo.

Ukiwa na spiriti halisi ungechanganya ml 60 na maji ml 40, ukaacha ipoe kwa sababu mchanganyiko hupata joto. Dondoshea alizeti kwa dropa: inazama. Ongeza maji tone kwa tone ukikoroga polepole, mpaka tone la mafuta lisimame katikati ya bikari, duara kamili kama gololi. Uzito wake umebebwa wote, kilichobaki kuliumba ni mvutano wa uso peke yake. Joseph Plateau wa Ubelgiji alichunguza jambo hilihili karne ya 19.
Kwa hiyo spiriti yako iliyochakachuliwa unaanzia upande wa pili: mafuta yanaelea, nawe unaongeza spiriti kali badala ya maji. Likianza kuzama, tone moja la maji linalirudisha.