Betri ya tela la kambi: friji linazima alfajiri ya pili, ninunue ipi?

Msafiri_Gangilonge

Habari wakuu. Nina tela dogo la kambi, ekseli moja, linavutwa na Land Cruiser. Safari zake ni Iringa kwenda Ruaha, na kati ya Juni na Agosti linapanda Kitulo kwa njia ya Chimala. Ndani kuna friji la volti 12 la lita 50, taa nne za LED za wati 5, pampu ndogo ya maji na soketi za kuchajia simu. Inveta sina wala sitaki. Betri iliyomo ni N100 ya gari, inachajiwa na altaneta kwa waya wa milimita 6 za mraba kutoka mbele. Siku ya kwanza mambo safi, alfajiri ya pili friji linazima lenyewe ilhali taa bado zinawaka vizuri tu.

Fundi mmoja kaniambia niweke mbili za 200Ah (ampea-saa) nisahau shida. Mwingine anasema lithiamu, basi. Nichukue aina gani, ukubwa gani, na nitunzeje tela likikaa miezi miwili mitatu bila safari?

FundiVolti_Uyole

Mkuu, piga hesabu kwanza. Friji la ukubwa huo linavuta kama ampea 4 likiwa linafanya kazi. Kwenye joto la Ruaha linafanya kazi karibu nusu ya saa zote 24, kwa hiyo weka 48Ah kwa siku. Taa nne kwa saa nne ni 7Ah. Simu na tableti weka 8Ah. Pampu ni 1Ah, haina habari. Jumla kama 65Ah kwa siku.

Betri za asidi, hata zile nzuri, usizishushe chini ya nusu mara kwa mara. Ukitaka usiku mbili bila kuchaji kabisa ungehitaji 260Ah. Lakini paneli ya wati 200 juu ya tela, siku ya jua la kawaida, inakurudishia kama 50Ah. Ukiwa na paneli, AGM (betri za asidi zilizofungwa, zisizojazwa maji) mbili za 100Ah zinakutosha. Hizo mbili za 200Ah za fundi wako ni kilo 110 na ushee. Ukizipanga mbele ya tela zinakandamiza ndoano, gari linainua pua, na zile kona 57 za kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba utazichukia.

Sasa N100. Betri ya gari ina sahani nyembamba nyingi, imetengenezwa kutoa umeme mkubwa kwa sekunde chache injini iwake. Ukiishusha hadi nusu kila usiku, sahani zinamomonyoka na unga unajaa chini ya seli. Unayotaka ni ya dip saiko, hizi ambazo wauzaji wengi wanaziita betri za sola: sahani nene, na ukubwa wake unaandikwa kwa Ah za saa 20. Ukikuta lebo inajisifia ampea za kuwashia tu bila Ah za saa 20, hiyo iache dukani.

Nenda na mzani. AGM ya kweli ya 100Ah ina uzito wa kilo 28 hadi 32. Ikiwa na kilo 20 huku imeandikwa 100Ah, risasi haimo humo ndani, lebo ndiyo iliyojaa. Soma na tarehe ya kutengenezwa, na umwambie muuzaji apime volti mbele yako: chini ya 12.4 maana yake imekaa rafuni bila chaji na salfeti imeshaanza kuganda kwenye sahani.

Ukipenda kutumia hela kidogo na huogopi kujaza maji, chukua mbili za volti 6 za 225Ah, zile za vigari vya gofu, uzifunge mfululizo upate volti 12. Zinavumilia kuliko AGM. Ila lazima zisimame wima, na sanduku liwe na tundu la hewa juu linalotoka nje ya tela, maana zikichaji zinatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche. Usiziweke sanduku moja na swichi wala soketi.

Mkandarasi_wa_Waya

Fundi kasema vizuri, ila ugonjwa wenyewe uko kwenye waya. Betri haijawahi kujaa hata siku moja.

Kutoka altaneta hadi betri ya tela ni kama mita 7, kwenda na kurudi 14. Waya wa milimita 6 ukipitisha ampea 25 unapoteza karibu volti 1 nzima. Altaneta ikitoa 14.2, betri inapata 13.2. Kwa volti hizo betri ya asidi itazunguka asilimia 70 au 80 milele. Ndiyo maana 200Ah mbili zingekufa vilevile, zingechelewa tu.

Fanya hivi. Weka chaja ya DC kwa DC ya ampea 30 ndani ya tela, karibu na betri. Iletee waya wa shaba wa milimita 16, chanya na hasi, usitegemee bodi wala ndoano kurudisha hasi. Fyuzi ya ampea 40 ikae mbali na betri ya gari kwa sentimita 20 tu, nyingine kama hiyo upande wa betri ya tela. Hiyo chaja inapandisha volti hadi inavyotaka betri yenyewe hata kama waya umepoteza nusu volti njiani.

Friji kuzima taa zikiwaka nako ni waya. Friji lina kinga ya volti ndogo. Waya wake wa kawaida wa milimita 1.5, kwa mita 5, unapoteza karibu nusu volti kompresa ikiwaka. Betri iko 12.0, friji linaona 11.5, linajizima. Vuta milimita 6 moja kwa moja kutoka betri hadi friji, na toa ile plagi ya kiberiti: kwenye barabara ya vumbi inalegea, inapata moto, inayeyuka. Friji lenyewe liwekwe kinga ya kiwango cha chini au cha kati, siyo cha juu.

Ukifunga AGM mbili sambamba, chukua chanya kwenye betri moja na hasi kwenye betri ya pili. Ukichukua zote kwa moja, hiyo ya kwanza inachoka mapema.

Baridi_ya_Makete

Suala la lithiamu msilipite juu juu. LiFePO4, ndiyo lithiamu inayotumika kwenye matela, ya 100Ah inakupa 80 hadi 90Ah za kutumia na ina kilo 11 hadi 13. Kwa tela ni nzuri sana. Lakini haichajiwi chini ya nyuzi sifuri, na Kitulo mwezi wa Julai alfajiri nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu. Betri ikae ndani ya tela, siyo kwenye sanduku la mbele. Na usiiunge moja kwa moja na altaneta. Inavuta ampea nyingi kiasi cha kuiunguza altaneta.

Kwa AGM au ya maji, chaja iwe na kihisi cha joto kilichobandikwa kwenye betri. Kila nyuzi moja inavyoshuka chini ya 25, volti za kuchajia zinapanda kama 0.024. Mpangilio wa 14.4 unatakiwa uwe kama 14.9 kukiwa na nyuzi 5, na kama 14.2 Ruaha kukiwa na 35. Bila kihisi, juu hazijai, bondeni zinachemka.

Msafiri_Gangilonge

Nimeelewa waya. Nikichukua zile za volti 6, maji naongeza kabla au baada ya kuchaji? Na hii N100 naweza kuiunga pamoja nazo?

FundiVolti_Uyole

Baada ya kuchaji, hadi milimita 5 chini ya shingo ya kifuniko. Kabla ya kuchaji ongeza pale tu sahani zikiwa zimeonekana, na kidogo tu ya kuzifunika, la sivyo asidi inafurika. Soma chupa vizuri: dukani maji ya betri na asidi vinakaa rafu moja na chupa zinafanana. Kinachopungua ni maji, asidi usiongeze. Na maji ya bomba hapana.

Tela likikaa, toa waya wa hasi kabisa, pima kila mwezi betri ikiwa imetulia saa kadhaa. Ikishuka 12.4 chaji hadi ijae. Paneli ikibaki imeunganishwa kupitia kidhibiti chake, ni bora zaidi. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, osha kwa kijiko cha magadi soda katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, vifuniko vikiwa vimefungwa, kausha, kaza, paka grisi.

N100 usiiunge. Betri chakavu inazivuta mpya ziwe kama yenyewe. Kama ina vifuniko, ichaji usiku kucha upime kila seli kwa haidromita (kipima uzito wa maji ya betri): zote zikiwa karibu 1.26 irudishe kwenye gari, moja ikiwa 1.18 ilhali wenzake wako 1.25, seli hiyo imekwenda, peleka kwa wanaonunua betri mbovu.