Mlikuta nini mlipopangua nyumba ya wazee? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu.

Nyumba ya mama tunaipangua. Arobaini imeshapita na wapangaji wanataka kuingia mwisho wa mwezi. Wazee wetu hawakutupa kitu: kopo la biskuti unalifungua kwa hamu, unakuta vifungo na sindano, kopo la Kimbo, misumari. Lakini uvunguni kulikuwa na sanduku la bati, lile la shule ya bweni, kufuli limeshika kutu mpaka tukaita fundi alikate. Juu kabisa kanga, doti nzima haijakatwa, karatasi ya dukani bado imegandishwa. Chini yake kadi ya TANU ya baba. TANU iliungana na ASP Februari 1977 ikazaliwa CCM, kwa hiyo kadi hiyo haijawa na kazi tangu sijazaliwa, na bado mzee aliifunga kwenye nailoni kama cheti cha ndoa. Kisha kadi zetu za kliniki. Kwenye yangu, pembeni, kuna mwandiko wa mama: "hataki uji". Dada zangu walicheka hadi machozi, maana mpaka leo uji sinywi.

Kaka mkubwa anataka makaratasi yote yachomwe. Mimi nimegoma. Nyie mlikuta nini, na mlifanyaje?

Kutoka Unguja:
Sisi ilikuwa kaseti. Baada ya 1964 ami zetu kadhaa walihamia Oman, na simu ya nje ilikuwa ghali, basi watu wakirekodi sauti wakampa msafiri aje nayo. Ndani ya kasha la bibi tulikuta mfuko mzima, na moja imeandikwa juu: "Bi Mkubwa asikilize peke yake." Tukaisikiliza sote, haya zilitutoka. Ami anasalimia mtaa mzima kwa majina, upande wa kwanza wote ni salamu tu, na mtoto analia nyuma. Halafu anashusha sauti: "Kile kiwanja mmemuuzia nani?" Watoto wake wanakiuliza kiwanja hicho hadi leo.

Kutoka Mombasa:
Nyanya alikuwa akifunga pesa kwenye fundo la leso, leso ndani ya foronya. Tulipofungua, noti za elfu moja, zile zenye sura ya Mzee Kenyatta. Mjomba ashazigawanya kwa macho! Kumbe mwisho wa kuzibadilisha ulikuwa 30 Septemba 2019, na sisi tumezikuta mwaka jana. Na huyu ndiye nyanya aliyekuwa akilia hana hata ya sabuni. Noti kila mtu alichukua moja ya ukumbusho. Vita vilikuwa juu ya leso.

Kutoka Songea:
Kwetu tuliwahi. Benki Kuu ilipotangaza kubadilisha noti za zamani, 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, babu mwenyewe alipanda darini akashuka na soksi imejaa. Bibi hajamsemesha wiki nzima.

Kutoka Morogoro:
Mkuu, hata sisi nusura tuchome. Katika barua za marehemu baba tukakuta anatumiwa shukrani za ada ya shule na mtoto wa Mwanza ambaye hakuna kati yetu anayemjua. Mama alikuwa hapo hapo anapepeta mchele. Tukaangaliana, nani amwambie? Akasema bila kuinua kichwa: "Huyo? Si mimi ndiye niliyekuwa napeleka hizo hela posta." Ndugu yetu tumeshampata, ana duka la vipuri, na mkali vile vile kama mzee.

Kutoka Dodoma:
Wa Unguja, kaseti mliichezaje? Zangu zimeota ukungu.

Kutoka Unguja:
Usiitie kwenye redio hivyo hivyo, ukungu unahamia kwenye kichwa cha redio kinachosoma utepe, na utepe unaweza kukatika. Iache kwanza mahali pakavu, kivulini, si juani. Kisha izungushe kwa kalamu hadi mwisho na urudi, taratibu. Ganda likiwa limevunjika na utepe ni mzima, fundi anauhamishia kwenye ganda jingine lenye skrubu. Siku ya kuicheza unganisha redio na kompyuta kwa waya, urekodi mara hiyo hiyo ya kwanza. Yetu moja ilikatika katikati ya habari ya harusi, na mwenye habari alishafariki.

Mwanzisha mada:
Ahsanteni wakuu. Ile ya Morogoro nimemsomea kaka, akarudisha kiberiti jikoni mwenyewe. Picha tunazipiga kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, na majina tunaandika nyuma kwa penseli, maana wino hupenya ukatokea mbele. Tatizo ni picha ya harusi ya wazazi: umati mzima, na aliyebaki wa kuwatambua ni shangazi wa Korogwe. Nauli namtumia leo, anapanda basi Jumamosi. Wengine endeleeni kushusha.